Umeme Katika Mguu wa Dada

Jumatano, mwezi ishirini na mbili mfungo tano, muda mfupi kabla ya alasiri, nilimpoteza dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Alifia Vitongoji, Pemba, katika chumba cha uani cha nyumba ya kaka yetu, mguu wake wa kushoto umefungwa bendeji mpaka juu ya goti. Hajaingia kaburini, watu walishajua kilichomuua. Umeme, walisema. Alitiwa umeme Dar. Walisema hivyo barazani, walisema hivyo kwenye mkeka wa msiba huku wakitafuna tende zetu, na mpaka leo mtu akitaka kumweleza mgeni dada alikuwa nani, husema, "yule aliyepigwa umeme mguuni." Sijamsahihisha hata mmoja. Nimechoka nao. Naandika kwa sababu nilikuwapo, na wao hawakuwapo.

Lilianza doa jeusi kwenye unyayo, karibu na kisigino. Dada alikuwa akilima mwani, na mtu wa mwani kila siku ana kitu kimemchoma: mwiba, chupa, gamba la kombe. Akasema ni mwiba umebaki ndani. Tuliuchokoa kwa sindano ya kushonea mpaka damu ikatoka, mwiba hatukuuona. Doa likakaa, likakua, likawa kidonda kisichouma. Kingeuma angekwenda hospitali mapema. Hilo ndilo ninalolichukia zaidi katika maradhi yale, kwamba hayakuwa na adabu ya kuuma.

Chake Chake walilikata doa pamoja na nyama iliyolizunguka, wakapeleka kipande Unguja kikapimwe. Majibu yakarudi kuwa ni saratani ya ngozi. Kisigino kikapona, tukadhani yamekwisha. Mwaka haujaisha zikatokea punje, nyeusi, ngumu, zikipanda mguu kutoka kwenye kifundo kuelekea goti mpaka pajani, kama mtu kapanda kunde chini ya ngozi. Daktari wa Chake akatuandikia Dar.

Hospitali ya Dar sitaitaja. Walikuwapo madaktari wageni waliokuja kwa muda na mashine yao, na daktari wetu mmoja, kijana, aliyefanya kazi nao na kututafsiria. Kila sentensi aliimaliza kwa kuuliza, "Mama, mnanielewa?" Mimi nilifika Fomu Tuu nikafeli, lakini Kiswahili nakielewa. Nilimchukia tangu hapo, na nilimsikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote.

Alichora duara kwenye karatasi. Hii ni chembe moja ya mwili, alisema, ndogo, kwa macho huioni. Ina ngozi yake. Ipo dawa kali ya kuua saratani, lakini haipiti vizuri kwenye hiyo ngozi, nyingi inabaki nje. Kwa hiyo tunamtia mgonjwa dawa kwenye mshipa, halafu zile punje tunazichoma kwa sindano nyembamba zilizopangwa kama meno ya chanuo, na kwenye sindano tunapitisha umeme. Umeme mfupi sana, unapiga na kukatika, unapiga na kukatika. Hapo ngozi ya chembe inatoboka vitundu na dawa inaingia. Baada ya dakika chache vitundu vinajifunga vyenyewe, na dawa imeshakuwa ndani.

"Ni umeme huu huu wa taa?" dada aliuliza.

"Ni wenyewe, mama, ila tunaupima."

"Na mkikosea kipimo nitawaka?"

Kijana hakucheka. Alieleza kwamba njia hiyo inajaribiwa hata kwa chanjo: mtu anachomwa chanjo mkononi, unapitishwa umeme kidogo, na chanjo inaingia ndani kabisa ya nyama badala ya kubaki nje ya chembe. Dada akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu kizuri. "Basi ni kuchanjwa tu," akasema. "Mie nishachanjwa mara nyingi."

Walimpiga picha mguu huku wameulaza kando ya rula. Mgeni mmoja, mwanamke, aliuinua kwa vidole viwili, akaugeuza, akasema jambo kwa lugha yao na wenzake wakaandika. Nguo ya dada ilikuwa imepanda. Nilikwenda nikaishusha mwenyewe, na yule mwanamke akanitazama kana kwamba nimeingia chumbani kwake bila hodi.

Siku ya kazi nilikaa nje kwenye benchi. Dada alitoka amelala kitandani, macho yanang'aa, anacheka.

"Nimechomwa sindano ya mgongo, sikusikia kitu," aliniambia. "Lakini niliona. Mashine inalia tik, mguu unaruka. Tik, unaruka tena. Nikauambia, tulia weye, waniaibisha mbele za watu."

Maagizo yalikuwa mafupi. Punje zilizopigwa zitafanya gamba jeusi, na gamba litaanguka lenyewe. Msilibandue. Msipake kitu ambacho hatukuwapa. Pawe pasafi, pawe pakavu. Walikuwa wamezishughulikia punje za chini tu. Zile za karibu na goti na za pajani waliziacha zingoje mara ya pili, kabla wageni hawajarudi kwao.

"Kidonda kikioza," yule kijana akasema, "hatuwezi kurudia. Na wageni wakiondoka, mashine wanaondoka nayo. Mnanielewa?"

Nilimwelewa. Tangu dakika ile kazi yangu duniani ilikuwa moja, kuurudisha mguu ule Dar ukiwa safi.

Mimi nilikuwa nakaa Jadida, Wete, tangu nilipoolewa na hata baada ya mume wangu kufa. Nilifunga nyumba nikahamia Vitongoji kwa kaka, kwa sababu dada alikuwa na chumba pale tangu alipoachwa. Na pale mwenye nyumba hakuwa kaka. Alikuwa mkewe, wifi yetu, mtoto wa Kengeja, kusini ya kisiwa.

Nataka niseme kweli juu yake. Kwa watu wengine hakuwa mtu mbaya. Majirani walimpenda. Dada alimpenda. Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi wa kuutaja, tulikuwa na ugomvi wa kila siku. Hakusema nami, alisema na kuku. Nikikaa jikoni kwake muda mrefu, humwambia jogoo, "Na weye, kwenu hukujui? Kutwa uko hapa unapekua." Nami humjibu huyo huyo jogoo, "Mtu hakai kwa kupenda, jogoo wangu, kaja kwa ugonjwa." Kaka akisikia hayo huchukua jembe lake akaenda shamba, hata kama jua limeshawaka.

Habari za umeme zilifika Vitongoji kabla yetu. Wiki ya kwanza chumba hakikukauka watu. Waliingia kwa salamu ndefu, wakaulizia hali, kisha macho yakateremka kwenye mguu na kubaki huko. Wengine hawakukaa kitandani, walichukua kigoda. Mwanamke mmoja jirani, mwenye mdomo, alisimama mlangoni na simu yake mkononi.

"Bi mkubwa, simu yangu imezima. Niichomeke wapi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Ilete," dada akamwambia. "Lakini kwanza ulipe. Hapa hakuna cha bure."

"Na mvua ikinyesha utatupiga shoti?"

"Weye nitakupiga hata jua likiwaka."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Watoto wa jirani walizua mchezo, mmoja anajifanya dada, anachechemea uwanjani, wenzake wanamkimbia. Akimgusa mtu huyo anaanguka na kutetemeka. Niliwafukuza kwa fagio. Mama zao wakasema nina roho mbaya. Ninayo.

Kila asubuhi nilichemsha maji, nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, nikaufungua mguu. Na mguu ulikuwa unakwenda vizuri. Naliandika hili wazi. Punje za chini zilikuwa zimesinyaa chini ya magamba yao. Moja nyuma ya kifundo gamba lilianguka lenyewe, na chini yake palikuwa na ngozi mpya, ya waridi, laini, isiyo na uvimbe. Nilipagusa kwa kidole. Palikuwa patupu. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, jambo ambalo sikulifanya siku waliyotupa majibu.

Sasa, kwetu mtu anayechanjwa chale, mchanjaji hupitisha wembe juu ya ngozi, mistari midogo, na dawa hupakwa hapo hapo, damu mbichi. Ukichelewa ngozi inafunga, dawa inakaa juu, kazi imekuwa bure. Hilo analijua kila mtu aliyekulia Pemba, mimi nina chale zangu kifuani tangu utoto. Na dada, kila mgeni alipouliza umeme ulifanya nini, alieleza, na kila alipoeleza maneno yalipungua. Kwanza zilitoka sindano za chanuo. Kisha ikatoka ile dawa ya mshipani. Kisha zikatoka zile dakika chache. Mwishowe likabaki neno moja tu, alilolipenda: umeme unafungua milango, dawa inaingia.

Wifi alilisikia neno hilo mara nyingi akiwa amekaa pembeni anachambua mchele. Siku moja akaweka ungo chini.

"Sasa wifi yangu, hiyo milango iko wazi mpaka lini?"

"Mpaka gamba lianguke, nadhani," dada akasema.

"Ilishafungwa kule kule Dar," nikasema kutoka mlangoni. "Dakika chache tu. Daktari alisema."

Wifi akaurudia ungo wake. "Mlango wa dakika chache," akauambia mchele, "nani kaujenga huo? Mtu atoke Ulaya na mashine aje afungue mlango wa dakika chache?"

Dada akacheka. Ndivyo ilivyoanza, kwa kicheko, na ningekuwa na akili ningelitia neno zito siku ile. Nilidhani nimeshasema.

Siku hazikupita nyingi, gari ya Kengeja ikamshusha bibi mmoja barabarani, mdogo wa mwili, kikapu kichwani. Alikuwa shangazi wa mama yake wifi, na alikuwa na dawa za vidonda zilizojulikana kule kusini. Alikaribishwa kwa chai na muhogo. Aliingia kwa dada, akampa mkono, akamsomea, akautazama mguu bila kuugusa. Ana heshima, yule bibi. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumtukana.

"Bibi," nikamwambia, "mguu huu una wenyewe. Hautakiwi kupakwa kitu."

"Mjukuu wangu, mie sikuja kuharibu kazi ya mtu. Wao wamefungua. Mie n'natia."

"Wameshatia wao."

"Wametia yao. Ya kwetu bado iko nje."

"Na milango imefungwa, bibi."

Akanitazama kwa huruma. "Ingekuwa imefungwa, hilo gamba lingekuwapo? Gamba ni la kidonda kibichi. Kidonda kibichi kiko wazi."

Nilimwita kaka. Alisimama mlangoni, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akasema, "Haya ni mambo yenu wanawake, na mwenye mguu yupo hapo, muulizeni." Akaondoka. Tukamtazama mwenye mguu. Dada akasema, "Tutaona." Nikalichukua kuwa ni hapana. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, na akisema tutaona kwa jambo lolote, jambo hilo halifanyiki.

Bibi akalala pale. Asubuhi bendeji zilikuwa zimekwisha, na duka la dawa la karibu lilikuwa na zile nyembamba tu zisizofaa. Nikaenda Chake. Sikukaa. Lakini gari ya kurudi ilisubiri abiria, na mimi niliisubiri.

Nilinusa kabla sijafika mlangoni. Habasoda, mwarobaini, manjano na kitu kingine cheusi chenye harufu ya moshi ambacho mpaka leo sikijui. Mguu ulikuwa umenyooshwa juu ya mkeka. Magamba yalikuwa yamebanduliwa yote, yamewekwa kwenye kipande cha jani la mgomba, na mahali pake pamesiribwa dawa nene mpaka kwenye goti. Bibi alikuwa ananawa. Wifi alikuwa ameshika kisigino cha dada mapajani mwake. Dada alikuwa amefumba macho, ametulia, kama mtu anayesukwa nywele.

"Nani kabandua?" nikauliza.

Bibi akaendelea kunawa.

"Nimeuliza nani kabandua magamba?"

"Dawa itapita wapi na mlango umewekewa kizibo?" wifi akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema nami uso kwa uso kwa muda mrefu.

Nilimwambia maneno. Siyaandiki yote. Nilimwambia kwamba kwao Kengeja hawakumfunza kitu ila kulala na kula, nilimwambia hana mtoto wa kumuuguza ndiyo maana kaja kumchezea dada yangu. Hilo la mtoto liliwanyamazisha hata kuku. Alikuwa kweli hana, na nililisema kwa sababu nilijua litamfika. Akakiweka kisigino chini polepole, akainuka.

"Nilikuwa namshikia tu," akasema. "Alikuwa anatetemeka."

"Wacha," dada akaniambia. Amefumbua macho. "Wacha kabisa. Mimi ndiye niliyeunyoosha mguu. Nimemwita mimi."

"Ulisema tutaona!"

"Nimeona. Nataka kupona, mdogo wangu. Wao wanasema wamefungua, nikaona nitie na hii, isipotee nafasi. Kosa liko wapi?"

Nilichemsha maji ya chumvi nikauosha. Dawa ilikuwa imeshika, ilitoka na ngozi changa iliyokuwa chini ya magamba. Dada aliuma upindo wa kanga na hakupiga kelele, na kutopiga kelele kwake kulinikasirisha. Usiku wa pili homa ikapanda. Mguu ukavimba, ukawaka, ukaanza kutoa usaha wenye harufu ambayo habasoda haikuweza kuifunika. Hospitali ya Chake walimlaza, wakampa sindano, kisha wakasema, rudini kwa waliomtibu.

Yule kijana wa Dar alipoufungua mguu alirudi nyuma hatua moja. Kisha akanigeukia mimi, si dada.

"Niliwaambia nini? Mama, niliwaambia nini? Niliwaambia msipake kitu! Mnatoka huko kisiwani mnaletwa kwenye matibabu ambayo watu wanayatafuta, halafu mnakwenda kupaka matope! Wewe ndiye uliyekuwa unamuuguza? Ni wewe?"

"Si mimi," nikasema. "Ni wifi yake."

Ilikuwa kweli na nimeisema mara nyingine nyingi tangu siku ile. Dada alikuwa amelala baina yetu, mimi upande huu na daktari upande ule. Akavuta kanga akajifunika uso. Alikaa hivyo mpaka daktari akatoka, na hata alipotoka.

Walimtia dawa za usaha. Ziliuteremsha uvimbe, polepole mno. Wageni walingoja kadiri walivyoweza, nadhani, au labda hawakungoja; sisi hatukuambiwa. Siku moja asubuhi nilikuwa nimekaa na dada kwenye ukumbi, yeye kwenye kiti cha magurudumu, na wakapita. Yule mwanamke aliyeuinua mguu kwa vidole viwili alimpungia mkono. Nyuma yake mtu alikuwa anasukuma toroli, na juu ya toroli kulikuwa na sanduku la bati, limefungwa mikanda.

"Ndiyo yenyewe ile," dada akasema.

"Ndiyo."

"Ndogo. Mie niliiona kubwa."

Aliifuata kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi.

Kisha yule kijana alituita, safari hii sauti iko chini. Walikuwa wamempiga dada picha ya kifua. Akasema saratani imeshafika kwenye mapafu. Nikamuuliza, imefika lini? Kabla ya ile dawa ya Kengeja au baada yake? Akasema hawezi kujua, huenda ilikuwapo tangu mwanzo, vipunje vidogo visivyoonekana. Nikamuuliza, je, mguu ungekuja safi, mkampiga umeme mara ya pili, angepona? Akasema umeme ulikuwa wa mguu, si wa kifua. Angekuwa na mguu mzuri zaidi. Labda angetembea. Labda asingenuka. Alilisema neno hilo, kunuka, na dada yupo.

Basi sijui. Nimelala na swali hili na nimeamka nalo, na sijui. Nikitaka kuwa mkweli siwezi kusema wifi alimuua dada yangu. Naweza kusema kwamba mahali palipopigwa umeme na ambapo bibi hakupafikia, nyuma ya kifundo, hapakurudi kitu mpaka siku ya kufa. Palibaki palepale, pana ngozi ya waridi. Na naweza kusema kwamba zile punje za juu, za goti na paja, ambazo zilikuwa zikingoja zamu yao, zilikua, zikapasuka, na mguu ukawa kitu ambacho watu waliingia kukitazama wamejiziba pua kwa upindo wa kanga. Hapo hakuna aliyeleta simu.

Tulirudi Vitongoji. Sikusema na wifi tena, hata kwa kupitia kuku. Yeye alipika, akaleta sinia mpaka kizingitini, akaliweka chini, akaondoka. Mimi nilichukua chakula cha dada nikakiacha changu. Nilikula mkate wa duka. Kaka alinisihi mara moja. Nikamwambia aende shamba.

Dada alizidi kupungua. Alikohoa. Siku moja baada ya adhuhuri, nyumba iko kimya, alinambia nimsogeze, nikamsogeza.

"Nina wasia," akasema.

Nikadhani ni kile kishamba chake cha mihogo. Nikasema sema.

"Nikifa anioshe wifi."

Kwetu anayekufa ana haki ya kutaja wa kumuosha, na anayeusikia wasia hana ruhusa ya kuubadili. Alijua hilo, ndiyo maana aliniambia mimi, na si mtu mwingine.

"Mimi ni ndugu yako," nikasema. "Tumbo moja. Mguu huu nani ameuosha kila siku?"

"Weye."

"Basi?"

"Weye utaniosha na hasira." Akapumzika, akakohoa. "Sitaki kuoshwa na hasira. Weye utamimina maji."

"Yeye ndiye aliyekufikisha hapa."

"Nilifika mwenyewe. Nimekwambia, n'liunyoosha mwenyewe. Hutaki kusikia. Ushachagua."

 Nilikunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. Aliniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia, naye akaniamini, kwa sababu sijawahi kumdanganya. Hatukulizungumza tena.

Jumatano ile wanawake walipojaa uani, wakatandika kitanda cha kuoshea na kuchimba shimo la kupokea maji, mmoja wao, mtu mzima anayeongoza mambo hayo mtaani kwetu, akauliza nani anaosha. Wote wakanitazama mimi. Wifi alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, uso umevimba, mikono kaificha ndani ya kanga.

"Ameusia wifi yake," nikasema.

Nilisikia mtu anavuta pumzi. Wifi hakusogea. Yule mtu mzima akamwita, akamwita tena. Akaja. Mimi nikachukua kata ya maji.

Alianza vizuri, kwa bismillahi, upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alipofika kwenye mguu wa kushoto aliifungua bendeji pole pole, tabaka kwa tabaka, na wanawake walioshika shuka wakageuza nyuso. Yeye hakugeuza. Aliulaza ule mguu juu ya kiganja chake, akaanzia kwenye kisigino.

"Mimina hapa," akaniambia.

Nikamimina.

"Kidogo kidogo. Pana kidonda."

Nikamimina kidogo kidogo. Maji ya majani ya mkunazi yalipita juu ya vidole vyake, yakaingia katikati ya vidole vya dada, yakateremka shimoni. Alikuwa analia bila sauti, na machozi aliyafuta kwa bega ili yasimwangukie maiti.  Alipotaka maji, niliyapeleka. Tulimaliza mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu yenye karafuu maiti. Tukamkausha. Yule mtu mzima akaleta sanda.

Wifi akarudi nyuma, akanigeukia, akanyoosha mikono yake miwili nimmiminie anawe.

Nikaiweka kata chini, nikatoka uani.